Gambuti Juu ya Boneti

Jumanne, 11 Julai 2006

Na hapo ndio boneti ikaingia ndani. Iliingia na sauti ya sufuria imekaliwa. Mimi nikiwa juu yake, simu kwa sikio, Nangila wangu bado anaongea. Akauliza hiyo ni nini imelia. Nikasema ni radi.

Jua lilikuwa linawaka mpaka kuku wamejificha. Lakini yeye yuko Bungoma, hawezi kujua.

Wacha niandike vizuri. Hii daftari ni ya maziwa, lakini Mzee Rotich alinipatia kurasa za nyuma, ati niandike kila siku mkono usisahau. Niliachia darasa la sita. Mkono bado unakumbuka kiasi.

Huku kwa shamba ya Mzee, Endebess, network haishuki chini. Nikiweka simu kwa msumari wa stoo inaweza kulia, lakini ukiitoa useme hello, imekufa. Nimejaribu ngazi. Nimejaribu mti. Nimejaribu mgongo wa ng'ombe, mara moja. Mahali pa kuongea ni moja tu: juu ya boneti ya Pijo, gari kuukuu ya Mzee, ikiwa imesimamishwa kando ya stoo. Vijiti viwili, safi. Basi leo nikapanda, nikaflash mara moja nikakata, Nangila akapiga. Akasema mama yake ameuliza wazee wangu watakuja lini kuongea.

Mimi huwa sina maneno. Nikaruka tu na furaha, gambuti kwa miguu.

Sasa kuna shimo. Si la kutoboka, ni la kubonyea. Paka amekuja akalala ndani. Ametoshea.

Shida yenyewe ni hii. Baba alikufa nikiwa mdogo na ndugu zake wa Bumula hawana haja na mimi. Mtu wa kunisemea kwa kina Nangila ni Mzee Rotich, na si mimi nilimwomba, alijitolea. Wakati anaenda Nakuru na mama, bibi yake, kuona mjukuu, alinipatia ufunguo ya Pijo na mikono mbili, kama mtu anapeana mtoto. Akasema: "Wangila, nikirudi Jumapili nikute kila kitu vile nimeacha, Jumamosi inayofuata nakupeleka kwa wakwe na hii gari. Maneno nitasema mimi. Wewe utakaa tu."

Kukaa naweza. Ni kusimama juu ya vitu ndio imeniharibia.

Siku tano. Ninyooshe ama nibadilishe?


Jumatano, 12 Julai

Kunyoosha. Na nitanyoosha mwenyewe. Kitu ikiingia kutoka juu, si itatoka ukisukuma kutoka chini?

Nimefungua boneti, nikaingia chini, nikasukuma na mgongo kama mtu wa magunia. Haikusikia. Nikachukua mpini wa jembe, ile ya BR. Mzee huchora BR kwa kila kitu yake na msumari, Bethwel Rotich. Jembe, debe, ndoo, kiti anakalia kanisani, mpaka jiwe ya kunolea panga. Hapa kitu haipotei. Ikipotea inarudi, na mwenye aliichukua anarudi nayo akiomba msamaha.

Nikagonga mara moja. Nguvu ya kiasi.

Sasa kuna shimo moja na mlima moja. Paka amekuja, ameangalia, ameenda.

Halafu Cherop akatokea. Cherop ndio hukamua. Yuko na leseni ya gari, anaibeba kwa mfuko ya shati ndio ionekane, na anataka hiyo ufunguo ya Pijo vile mimi nataka Nangila. Akauliza ni nini hii. Nikasema ng'ombe alipanda. Akauliza ng'ombe gani. Nikasema yule mweusi. Akasema yule mweusi jana alishinda kwa kamba, na yeye alishinda naye. Halafu akainama, akaweka uso karibu na boneti kama mtu anasoma barua.

"Wangila," akasema, "huyu ng'ombe huvaa gambuti namba nane?"

Alama ya gambuti iko hapo, mistari yote. Sikuwa nimeona. Na mimi ndio mtu wa kuona vitu.

Tumesikizana. Yeye atanyamaza, mimi nitamkamulia yule mweusi mpaka Jumapili. Yule mweusi hupiga teke.


Alhamisi, 13 Julai

Kitale. Kwa mafundi wa jua kali. Wote waliniita kwa nguvu, wengine wakashika mlango ya gari nikiwa bado naendesha. Mmoja peke yake hakuita. Amekaa kwa mtungi wa gesi, anakula ndizi. Nikaenda kwa huyo. Mtu hapigi kelele ni mtu wa ukweli.

Anaitwa Munene. Aligonga boneti na kidole, akaweka sikio. Akagonga pahali ingine, akasikiza. Kama daktari. Mara ya kwanza akasema hii ni kazi ya siku moja, unanyoosha, unajaza mashimo na fila, unapiga rangi, imeisha. Nikashukuru. Akauliza gari ni ya nani. Nikasema ya Mzee, na Mzee hajui, na anarudi Jumapili.

Hapo akaniangalia uso. Aliangalia uso yangu kushinda vile ameangalia boneti. Hizo vitu mimi huona. Akaweka nyundo chini polepole.

"Kijana, mimi siwezi kukudanganya," akasema. "Hii chuma ishakufa. Ukinyoosha leo, kesho imerudi kulala. Badilisha."

Nikauliza nitatoa wapi ingine. Akasema Kitale yote hakuna. Lakini Bungoma, upande wa barabara ya Chwele, kuna mama anauza spea kuukuu, watu humwita Mama Spea, huyo hawezi kukosa. Akauliza nataka kuenda lini. Nikasema hata saa hii. Akasema hapana, saa hii nitapata hasara ya fare bure, niende Jumamosi mchana, kabla ya hapo mzigo mpya haujafika. Jamaa wa kujali watu. Akasema hata hii iliyokufa nimwachie, atanitupia. Ati nisibebe chuma ya bure.

Nikamshukuru mara tatu. Jamaa wa hapo kando alikuwa anacheka, sijui nini.

Nimerudi Endebess bila boneti. Injini yote nje kama mtu amesahau kufunga shati. Watoto wa shule wamekimbia na mimi mpaka kwa daraja, wakitaja vitu vya ndani. Mmoja alijua hata jina ya kitu mimi sijui.


Ijumaa, 14 Julai

Mvua. Nimefunika Pijo na turubai.

Cherop ameuliza boneti iko wapi. Nikamwambia gari kuukuu lazima ipumue wiki moja kila mwaka, hiyo ni mambo ya ufundi. Akasema alikuwa anajua Pijo hunywa, hakuwa anajua inapumua. Akaenda akiangalia nyuma.

Yule mweusi amenipiga mara mbili. Maziwa ya leo: nusu kwa ndoo, nusu kwa suruali.

Mchana nimeinua turubai nione kama maji imeingia. Nimepata kuku, yule wa madoadoa, amelala karibu na betri. Ametaga yai moja. Amenikazia macho kama mimi ndio mgeni. Nikafunika polepole.

Sasa malipo. Niko na kitu kwa soksi, lakini kwa boneti nzima sijui. Na niko na jogoo. Huyo jogoo nimelea tangu akiwa wa kushikwa na mkono moja. Mwekundu, kifua kama ya mzee wa kanisa. Nilimwekea siku ya kuenda kwa kina Nangila, kwa sababu huwezi kufika kwa wakwe mara ya kwanza mikono ikining'inia. Nimeenda kumwangalia. Na yeye ameniangalia.

Bila jogoo hakuna safari ya wakwe. Bila Mzee hakuna safari. Bila boneti hakuna Mzee. Nimehesabu hivyo mara nne nikitafuta pahali jogoo anaweza kupona. Hakuna.


Jumamosi, 15 Julai

Wacha niandike polepole, nisiruke kitu.

Nimefika Bungoma saa saba, jogoo kwa kwapa. Nimepata mahali bila kuuliza, inaonekana kutoka barabarani: milango ya magari imepangwa kama vitabu, bampa zimelala, sukuma wiki imepandwa ndani ya matairi. Katikati kuna mama ameketi kwa kiti ya lori, anachagua maharagwe. Nilisimama kwa geti. Mimi husimama kwanza. Nikamwangalia vile anacheka na mteja, ako na pengo hapa mbele. Nikajiuliza hii pengo nimeona wapi.

Mwanamke mmoja akapita na mzigo ya kuni, akasalimia: "Mulembe, Mama Nangila."

Kumbe ni pengo ya Nangila! Aliniambia mama yake ni mtu wa biashara. Mimi nikadhani nyanya!

Sasa, kwetu mtu hatazamani na mama mkwe. Humpi mkono. Mkikutana njiani, wewe ndio unaingia kwa majani apite. Najua bado sijakuwa mkwe. Lakini ukianza vibaya utamaliza vipi? Nikageuka niende. Mama akaita, akauliza kijana wa jogoo anatafuta nini. Nikaruka nyuma ya kitu ya kwanza niliona imesimama.

Ilikuwa boneti. Ilikuwa ya Pijo! Imesimamishwa kati ya matairi mawili, inanitosha mpaka kwa kichwa nikichuchumaa.

Mama akauliza kwani kuna polisi ananifukuza. Sikuweza kumjibu, utamjibuje moja kwa moja? Nikakumbuka niko na jogoo.

"Jogoo," nikasema, "uliza kama hii boneti inauzwa."

Maharagwe yalisimama kwa ungo. Halafu mama akajibu, na hakunijibu mimi.

"Jogoo, mwambie huyo amekubeba inauzwa. Na umwambie boneti watu huangalia mbele, si nyuma."

Mbele siwezi, mbele ndio kuna yeye. Nikaangalia nyuma. Nyuma iko sawa kabisa. Pale kwa kona kuna BR imechorwa na msumari, kama ile ya jembe yetu. Nikashtuka na furaha. Nikasema hii ni Mungu mwenyewe, ameniwekea alama nisipotee. Rangi pia ni ile ile ya Pijo, ya chai ya maziwa. Ilishika vidole kidogo. Ni jua.

Tukaongea bei, mimi, mama na jogoo. Jogoo alikuwa mtulivu sana, nimemheshimu. Katikati ya bei mama akamuuliza jogoo anatoka wapi. Nikamwambia amwambie Endebess, kwa Mzee Rotich. Halafu nikasikia kitu kama kikohozi imefunikwa na leso. Kukohoa kukaendelea. Akimaliza, akateremsha bei na sikuwa nimeomba.

Bado soksi haikutosha. Nikafunga macho, nikamsukuma jogoo apite chini ya boneti. Nikasikia amedakwa vizuri, bila kelele, na mtu anajua kuku. Akamwita "mgeni wangu."

"Mwambie huyo mtu hana uso asafiri salama," mama akasema. "Na hiyo boneti aifunge na kamba mbili."

Nimefunga na tatu. Nimetoka kinyumenyume, boneti mbele yangu kama ngao, nikakanyaga sukuma wiki. Lori ya mahindi imenibeba mpaka Kitale.

Sina jogoo. Lakini niko na boneti, na mama hajaona uso yangu. Sidhani amenijua.


Jumapili, 16 Julai

Imeingia! Skrubu zote, matundu yote, hakuna kulazimisha hata moja. Kama imezaliwa na hiyo gari. Nimehamisha kuku na mayai, sasa ni matatu. Cherop amezunguka, amekosa mahali pa kushika. Nikamwambia gari imemaliza kupumua.

Mzee na mama wamefika saa tisa. Mama akaingia ndani kuweka mizigo. Mzee akanionyesha picha ya mjukuu, ako na masikio ya Mzee mwenyewe. Halafu akaenda kwa Pijo. Akapapasa boneti. Akanusa kidole. Akafungua, akaangalia ndani muda wa chai kuchemka.

"Wangila, hii boneti umenunua kwa nani?"

Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga tangu Jumatano. Yote yalitoka mbio kama kuku kwa geti. Nikabaki na ukweli peke yake. Nikamwambia kila kitu, gambuti, mpini wa jembe, Munene, mama wa spea ni mama wa nani, jogoo alisema nini. Mwisho nikamwonyesha kona. Nikasema, ona Mzee, hata Mungu alikubali, imekuja na jina yako.

Mzee akasema iko na jina yake kwa sababu ni yake. Alichora mwenyewe mwaka wa themanini na saba, na huu msumari wa stoo mimi huangikia simu. Munene, akasema, lazima alinyoosha Alhamisi, akapiga rangi Ijumaa, akatuma Bungoma Jumamosi asubuhi, na mimi nikasafiri mpaka huko kumrudishia Mzee boneti yake na pesa yangu. Mama wa Nangila hakujua, akasema, anauza kile analetewa.

Nikakaa chini. Nikatoa ufunguo ya Pijo, nikamnyoshea na mikono mbili vile alinipatia. Cherop alikuwa hapo karibu na ndoo, shingo imerefuka. Sikumwangalia. Nilikuwa nafikiria Jumamosi, na Nangila akiulizwa na mama yake wazee wako wapi.

Mzee hakuchukua ufunguo. Akauliza juu ya boneti nilikuwa natafuta nini. Nikasema network. Akaangalia mlango ya nyumba kama mama ako karibu. Akashusha sauti.

"Na mimi unafikiri humpigia Chepkosgei nikiwa wapi?"

Chepkosgei ni binti yake, yule wa Nakuru. Kumbe! Mwaka mzima huyu Mzee, na hizo kilo zake, anapanda hapo mimi nikienda kuchota maji!

Akanifundisha. Kwanza unavua viatu. Unabaki na soksi. Halafu unakanyaga pembeni, pale chuma imekunjwa, si katikati. Akasema nirudie. Nikarudia: viatu, soksi, pembeni. Akasema tena. Viatu, soksi, pembeni. Akaniambia ufunguo irudi kwa mfuko yangu.

Cherop ameenda kukamua yule mweusi. Amesikika akipigwa.

Lakini Mzee hajamaliza. Amesema safari ya wakwe iko na shida, kwa sababu jogoo wa safari ametangulia, na ameenda kama malipo. Hajui mama atakuwa amechukulia aje. Labda ameona ni dharau. Amesema tungoje tusikie.


Jumatatu, 17 Julai

Asubuhi Mzee amenituma Kitale na Pijo kununua chumvi ya ng'ombe. Nikasema nikiwa huko nitamwona Munene, nimwambie ukweli wake mbele ya watu wote. Njia yote nimeongea peke yangu kwa gari, na ukali.

Nimefika, nikasimama kwanza. Akaniona. Akauliza boneti imeingia sawa? Nikasema imeingia sawa kabisa. Akasema si alikuwa ameniambia. Nikasema asante. Sijui ilitoka wapi hiyo asante. Akazunguka Pijo, akashika kioo ya pembeni, akaitingisha, akaweka sikio. Akasema hii nayo imeanza kufa. Lakini Bungoma, Jumamosi mchana, kuna mzigo mpya unafika.

Nimemwachia. Jumamosi si tunaenda Bungoma hata hivyo? Mzee sijamwambia bado, ni kioo moja tu.

Na tunaenda! Nikiwa hapo Kitale simu imeshika network na ujumbe ikaingia. Nimesoma mara tatu, ya kwanza nikiwa barabarani, nikapigiwa honi. Nangila ameandika ati mama ameuliza kama kwa Mzee Rotich kuna kijana huongea na kuku. Ati mama ameuza spea miaka kumi na mbili na hakuna mtu amewahi kumheshimu mpaka akanunua boneti bila kuiona. Jogoo hajauzwa, amefungwa mguu, anakula mahindi, anangoja Jumamosi. Mzee aje. Firigisi, ile huwekewa mgeni wa heshima, ni yake.

Nimemsomea Mzee. Amesema mimi nisome tena hapo kwa firigisi. Halafu ameingia ndani kutafuta koti yake ya harusi, na ninamsikia akifanya mazoezi ya maneno. Ananisifu sana. Sijui huyo mtu anasema ni nani.

Nangila amesema atapiga saa kumi na moja nimwambie kama Mzee amekubali, ndio mama ajue kama ataita majirani.

Saa ndio hiyo, simu inalia kwa msumari. Lazima niende mbio, hapa chini itakata. Gambuti nitavua nikifika juu.